Mishono ya Mama Yako

Minza mwanangu,

Mara mbili nimeianza barua hii kwa maneno tuliyofundishwa shuleni, natumaini u mzima wa afya, na mara zote mbili nimechana karatasi. Asubuhi hii tumekunywa chai pamoja na nimekuona ukila mihogo vipande vinne. Najua u mzima. Mimi pia sijambo, isipokuwa kuna jambo limenikaa kifuani miaka minane, na kesho alfajiri unapanda basi la kwenda Songea.

Umeenda Kisesa kumuaga shangazi yako, na namjua, hatakuachia uondoke kabla hujala. Kwa hiyo mchana wote ni wangu. Leo sikufungua kibanda cha ushonaji. Nimekaa kwenye kizingiti na daftari lako la zamani la jiografia, naandika kwenye kurasa za nyuma ambako hukufika. Habari za chandarua, za kufua, za wanaume, za kusali, sitaziandika. Shangazi yako atakuwa amekwisha kukuambia zote, na nyingine mara mbili. Mimi nataka kukuambia habari za mkoba.

Juzi ulipokuwa ukipanga vitu nilisimama mlangoni. Mkoba ulikuwa umeufuta vumbi, umeuweka juu kabisa ya nguo ili uwe wa kwanza kutoka. Ukasema bila kugeuka, "Baba, naogopa. Mimi sina mikono ya mama. Kule chuoni watanijua siku ya kwanza tu." Nikakujibu kwamba utazoea, kila mtu huzoea, kisha nikatoka nje kama mtu aliyesahau kitu kibandani. Sikuwa nimesahau kitu.

Nitalisema sasa, kabla sijaanza kulizunguka. Mishono yote iliyo kwenye mkoba ule ni yangu. Hakuna hata mmoja wa mama yako. Aliushona, ni kweli aliushona, kwa mkono, miezi minne. Mimi nikaufumua wote kwa siku moja.

Sasa umejua. Yaliyobaki ni kukueleza ilikuwaje, ili angalau umjue mtu aliyefanya jambo hilo.

Cherehani nilifundishwa na mzee mmoja huko mjini, Nyamagana, mtu mkimya na mkali. Ukikosea kazi alikuwa hasemi neno. Aliichukua, akashika wembe, akaifumua mbele yako uzi kwa uzi huku ukitazama, halafu akakurudishia vitambaa. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nililia mara nyingi nyuma ya duka lake. Baadaye nikawa fundi, watu wakanisifu, nikaamini kwamba yule mzee alinipenda, na kwamba kupendwa ndiko huko: anayekujali hakuachii kasoro. Niliingia na imani hiyo mpaka ndani ya ndoa yangu.

Na mama yako nilimpata kwa sababu ya kasoro, ndiyo maana nasema ningepaswa kujua. Alikuwa ametoka Ukerewe, amepata kazi ya kupika shuleni, akaleta sketi pale kibandani Kirumba nimpanulie kiuno. Nikaigeuza ndani nje. Nikakuta mtu ameshona ubavu kwa uzi mweusi kwenye kitambaa cha kijani, na mishono mingine ni mirefu kama kidole. Nikamuuliza ni fundi gani aliyemharibia sketi yake. Akasema ni yeye mwenyewe. Halafu akacheka mpaka akashika meza. Mwingine angechukia. Mimi nilikuwa kijana wa kujisikia, sikuwa nimezoea mtu wa kucheka akionyeshwa kosa lake, na wiki nzima niliendelea kukisikia kile kicheko nikiwa nakanyaga cherehani.

Hata baada ya kuolewa na fundi hakujifunza kushona. Vifungo vya shati lako la shule nilivishona mimi. Yeye alijua kupika uji wa shule nzima bila kuuunguza, alijua kuimba akiwa anapepeta mchele, alijua ni mtoto gani wa darasa la kwanza amekuja bila kula kwao. Mikono yake ilikuwa na makovu ya masufuria. Sindano ilikuwa kitu kigeni kwake kama nyavu zilivyo ngeni kwangu.

Tamthilia ya mkunga unaikumbuka kuliko mimi. Ilikuwa ya nchi ya mbali, yenye milima na theluji, watu wake wametiwa sauti za Kiswahili cha Dar. Siku za kazi, saa moja jioni. Mkunga mwenyewe aliitwa Marira, na mimi ulimi wangu wa Kisukuma ulikuwa unasema Malila, nanyi, Mkerewe na binti yake, mlikuwa mnanitaka nirudie ili mcheke tena. Wewe ulikuwa darasa la tano. Marira alipanda milima kwa miguu kwenda kuzalisha wanawake, na begani alibeba mkoba wa viraka wenye mifuko saba, na kwenye kifuniko ameshonwa korongo mweupe. Umeme ukikatika katikati, mama yako alikusimulia kilichofuata. Alikuwa anabuni tu. Kesho yake mkiona kilichotokea kweli mlisema cha mama kilikuwa kizuri zaidi. Mimi nilikuwa nakula kwenye kona yangu, nikiwaza mabega na viuno vya wateja. Wakati ule niliona ni kelele za wanawake. Siku hizi nikikumbuka nasema, ningesogeza kiti.

Ndipo ulipoanza kusema utakuwa mkunga. Na ukasema unataka mkoba kama ule.

Mama yako alikuwa ameshaanza kuumwa. Wewe tulikuambia ni tumbo. Baadaye, hospitalini, tukaambiwa ni saratani ya kizazi na imeshasambaa, nasi tukakuambia ni tumbo tena. Hilo nalo lilikuwa kosa, ila hilo tulikosea wote wawili, silibebi peke yangu.

Akaacha kazi. Siku moja nilirudi mchana nikamkuta kitandani na mkasi wangu mdogo, amezungukwa na vitambaa. Alikuwa amekata aproni yake ya jikoni, ile ya kaki. Alikuwa amekata kitenge alichovaa siku aliyotambulishwa kwetu, na sketi yako ya chekechea, na pazia la chumba tulichopanga mwanzo kabisa, kabla hujazaliwa. Akaniambia anakushonea mkoba wa Marira. Nisikuambie umefikia wapi. Nawe ukakatazwa kuchungulia chini ya kitanda, ukatii. Ulikuwa mtoto mtiifu, Minza. Laiti ungechungulia.

Nikamwambia anipe vile vitambaa, nitaumaliza siku hiyo hiyo. Akakataa. Akasema Marira hana cherehani.

Basi akashona kwa mkono. Zile dawa alizokuwa anatundikiwa hospitalini zilifanya vidole vyake vife ganzi, akawa haisikii sindano. Alijichoma bila kujua, mpaka aone tone la damu kwenye kitambaa. Uzi aliupitisha kwenye mshumaa ili usimkatikie. Na mshono wake ulikwenda kama mtu mgeni anayetafuta njia kati ya mawe ya mlima huu wetu, unapanda, unashuka, unarudi ulikotoka. Korongo wake alikuwa na shingo fupi na tumbo kubwa. Nikamwambia huyo ni kuku. Akamtazama, akasema kama ni kuku basi ni kuku anayeruka, akaendelea.

Nilikuwa namwangalia na moyo unaniuma. Sikujua la kufanya na maumivu yale. Sikujua kukaa kando ya mtu anayeondoka na kumshika mkono. Nilijua mishono. Kwa hiyo hasira yote niliyokuwa nayo juu ya ugonjwa niliipeleka kwenye mishono iliyopinda.

Mvua za masika zilipoanza akalazwa tena. Mkoba ulikuwa umebaki mkanda tu. Kabla hatujatoka nyumbani akanipa, umefungwa kwenye kanga, akaniambia nitafute kitambaa kigumu cha mkanda, nikikate, nikiweke pamoja na mkoba, yeye akitoka atashona mwenyewe. Nitafute kitambaa. Hakuniomba jambo jingine.

Kesho yake nikaupeleka kibandani, nikaufungua mezani nipime. Akaingia mama mmoja, mteja wangu wa magauni ya harusi, mtu wa heshima. Akaunyanyua mkoba kwa vidole viwili, akaniuliza huku akicheka kama na hii nayo ni kazi yangu. Hakuwa na ubaya, alikuwa ananitania. Na mimi nikasema, "Hapana mama, ni mtoto tu alikuwa anachezea vitambaa."

Nayaandika maneno hayo kama nilivyoyasema. Mama yako alikuwa amelala wodini, vidole vimetoboka, nami nikamwita mtoto anayechezea vitambaa, ili mwenye magauni ya harusi asinione fundi mbaya.

Alipoondoka nilibaki na aibu. Mtu mwenye akili angeuonea aibu mdomo wake. Mimi niliuonea mkoba. Nikachukua wembe. Nilijiambia namfanyia mema. Atatoka hospitalini atakuta kazi imekwisha, safi, na mtoto wake atabeba kitu ambacho hakuna atakayekinyanyua kwa vidole viwili. Nikaanzia kwenye kifuniko, kwa yule ndege. Uzi wake ulikuwa umekakamaa kwa nta, kila mshono ulikatika kwa mlio wake mdogo. Kufika adhuhuri nilikuwa na vitambaa vitupu mezani. Nikafagia. Nyuzi zikaenda na takataka za siku ile. Yale matone ya damu yaliyokuwa kwenye kaki niliyatoa kwa chumvi na maji baridi, kama nilivyofundishwa.

Halafu nikashona. Mifuko saba yote sawa kwa sawa, kona zimekaa, bitana ndani, mkanda umepigwa mishono minne. Korongo nikamchora upya kwa chaki na kumdarizi shingo ndefu, mguu mmoja ameukunja. Jua lilipozama ulikuwa umekwisha. Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya maishani, na naichukia.

Akaruhusiwa Jumamosi. Mkoba nilikuwa nimeutundika kwenye msumari, mbele ya kitanda, ili aukute. Akauona. Akanyoosha mkono, nikampa. Nilikuwa natabasamu, mwanangu, nilikuwa nasubiri kushukuriwa. Akaugeuza ndani nje. Akapitisha kidole kwenye kila ukingo, kidole kisichosikia kitu, anatafuta. Akaurudisha, akatazama kifuniko muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Ndege wangu yuko wapi?"

Nikasema nimemnyoosha kidogo.

Akaendelea kumtazama yule korongo. Sijawahi kumwona mtu mpweke kama alivyokuwa mama yako wakati ule, na mimi mumewe nimesimama hatua moja kutoka kwake. Mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati. Hapo ndipo ulipoingia. Ulikuwa umetoka kuteka maji, ndoo ingali kichwani, ukauona mkoba mikononi mwake, ukaruka maji yakamwagika chumba kizima. Ukamuuliza kama amemaliza.

Alinitazama mimi kwanza. Nafasi nilipewa. Ingetosha niseme neno moja. Sikulisema. Basi akakugeukia akasema, "Nimemaliza, mwanangu," akakuvisha mkanda begani, akakwambia utembee akuone.

Uongo ulianzia pale. Ulitoka kinywani mwake, ila aliyeuweka mle ni mimi.

Aliishi siku kumi na tisa. Katika siku hizo nilijaribu mara moja kuomba radhi. Wewe ulikuwa shuleni, nami nilikuwa namlisha uji kwa kijiko. Nikaanza kusema kuhusu mkoba. Akafumba macho, nikadhani amechoka, nikaweka kijiko chini. Akasema polepole, na maneno haya ni yako, nimeyakalia kama mwizi: "Nilitaka akishakuwa mkubwa augeuze ndani, aone kwamba nilikuwa siwezi, na bado nilishona."

Nikalia. Nikamwambia nitakueleza siku hiyo hiyo ukirudi shule. Akasema hapana, nikuache kwanza uufurahie, nikueleze mwenyewe ukikua. Nikaahidi. Halafu akaomba maji, na hatukulizungumza tena.

Neno hilo, ukikua, nililivuta kama mpira. Ulipomaliza darasa la saba nikasema bado. Ulipoingia kidato cha kwanza nikasema huu ni mwaka mgumu. Ulipofikia urefu wa mama yako, na ukawa unapika mboga kama yake, nikasema tusubiri mitihani. Uongo wa kusubiri ni mtamu, kwa sababu kila siku unajiona mtu mwenye nia njema.

Na watu walinisaidia kuuficha. Msibani, wanawake waliupitisha mkoba mkono kwa mkono, wakasema marehemu alikuwa na mkono wa ajabu na alituficha miaka yote. Dada zake wa Ukerewe, waliokua naye na kumjua, walitazamana wakanyamaza. Shuleni kwenu, siku ya wazazi, mwalimu aliuweka kwenye meza ya maonyesho na karatasi iliyoandikwa kuwa ni kazi ya mikono ya mama aliyekuwa mgonjwa. Ukumbi ukapiga makofi. Uligeuka kunitafuta kati ya wazazi, macho yako yanang'aa. Nami nilikuwa napiga makofi.

Kama ingeishia hapo labda ningekufa nalo. Lakini kuna siku ya kidato cha pili ambayo wewe huenda umeisahau. Nilikuwa nafagia chumba chako, nikakuta chini ya kitanda aproni ya somo la sayansi kimu, umeikunjakunja, umeitupa. Uliporudi nikakuuliza. Ukasema, "Mama alikuwa anakufa na akashona vile. Mimi mzima nashindwa hata pindo." Tangu siku ile hukushika sindano tena. Hata kifungo ulikuwa unaniletea mimi.

Kitu ambacho sikukuambia ni hiki. Niliichukua ile aproni nikaenda nayo dirishani, nikaitazama. Nilikuwa naujua ule mshono. Unapanda, unashuka, unarudi ulikotoka. Ulikuwa ni mkono wa mama yako mtupu, Minza, kama vile ameingia humu ndani amekaa kitandani ameshona. Nilichofikiri nimekifuta duniani kilikuwa kimejitokeza tena mkononi mwako, nawe ulikuwa unakichukia kwa sababu yangu, kwa sababu nilikupa mkoba wangu nikadai ni wake. Ningeweza kukuita palepale. Niliikunja aproni nikairudisha chini ya kitanda.

Miaka hii yote umejipima na mtu ambaye hakuwepo. Ukipata alama mbaya ulisema mama hakuwa hivi. Ukilia ulisema mama hakulia. Mama yako alilia sana. Alijichoma sindano akatukana Kikerewe. Alishona mfuko mmoja ukiwa juu chini, akaugundua baada ya siku mbili, akasema utafaa kwa kuficha pipi. Mama uliyemwogopa ni mimi na cherehani yangu.

Mwaka juzi, ulipokuwa bwenini, nilifungua bitana. Nilijidanganya kwamba labda kuna mahali wembe uliruka, pembeni, chini ya mfuko, mshono wake mmoja. Nilitafuta kwa miwani yangu na ya jirani. Hakuna. Nilikuwa nimefanya kazi yangu vizuri. Nikairudishia bitana. Ukiona uzi wa chini ni mpya kuliko mwingine, ndiyo sababu.

Sijui niseme nini kinachofanana na ushauri. Sina haki sana. Ila unakwenda kujifunza kuwapokea wanawake siku ambayo hawana nguvu, nami nakufikiria. Utamkuta mmoja, labda mdogo kuliko wewe, amemfunga mwanawe kwenye kanga vibaya, upande umelegea, kichwa kimeinama. Mikono yako itawasha kutaka kumfungua na kumfunga upya. Pengine itabidi, mtoto asije akaumia. Lakini muulize kwanza. Mimi sikuuliza. Maneno matatu tu, mke wangu, nifumue? Angesema hapana, na leo ungekuwa na mkoba uliopinda unaoonyesha damu yake, na ungejua tangu zamani wewe ni mtoto wa nani.

Na ukikosea, kwa kuwa utakosea, usitafute siku nzuri ya kusema. Mimi niliitafuta miaka minane.

Mkoba uamue mwenyewe. Vitambaa ni vyake, hivyo nakuapia. Kaki ni yake, kitenge ni chake, na yeye ndiye aliyekata kila kipande, ndiyo maana havilingani na ilinibidi nivipunguze. Kilichobaki ni changu. Ukienda nao, nenda nao ukijua. Ukiuacha nitakuelewa, usiuchukue kwa kunihurumia. Ukitaka kuufumua, nitakuazima wembe, na sitakufundisha namna ya kuushika.

Lakini kuna jambo moja la mwisho, na hili nimelitambua nikiwa hapa naandika. Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii katikati ya nguo zako, uikute ukiwa umefika, mwendo wa siku mbili kutoka hapa, mahali ambapo huwezi kunitazama usoni. Niliona ni busara. Niliona nakupunguzia uzito wa safari. Kumbe ni ile ile tabia yangu ya kutoka nje kama mtu aliyesahau kitu.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, kabla ya chakula. Ukisoma sitasimama juu yako, ila sitakwenda mbali. Nitakuwa pale nje kwenye jiwe tunaloanikia nguo. Ukitaka kunigombeza, toka unigombeze, hata majirani wakisikia. Ukitaka kuniuliza chochote, nitajibu mpaka uchoke. Na ukitaka kulala bila kusema nami, nitakubali. Kesho nitabeba sanduku lako hadi stendi nikiwa nyuma yako, na sitakulazimisha neno.

Nimesikia sauti yako huko chini, umefika kwenye ngazi za mawe, unawaamkia watu mmoja mmoja. Bado dakika chache. Ukifika utasema shikamoo baba, kama siku zote. Nitaitikia marahaba, labda kwa mara ya mwisho nikiwa baba uliyedhani unaye. Kisha nitakunyooshea karatasi hizi.

Mimi niliyekukosea,
Baba yako